Ngozi na Manyoya ya Mbwa Mzee: Uzee Si Ugonjwa

Mbwa akipukutika manyoya baada ya kuishi miaka mingi, wenyewe aghalabu husema: "Huyo ameshakula chumvi nyingi." Akijikuna usiku kucha, husemwa hivyo hivyo. Akitokwa na kipara kiunoni, au akinuka masikio, jibu ni lile lile: uzee. Jibu hilo huonekana kuwa la busara, lakini lina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba halichunguzi kitu. Mbwa mwenye upele unaotibika huachwa ateseke hadi afe, au huuawa kwa kudhaniwa kwamba siku zake zimekwisha. Watoto wa nyumba hiyo nao hupata muwasho, na hakuna anayeuhusisha na mbwa.

Makala haya yanakusudia kuwaonyesha walimu na wanafunzi wa sekondari kwamba uzee ni hali ya mwili, wala si ugonjwa. Uzee hubadili ngozi kwa namna chache zinazojulikana. Mabadiliko mengine yote yana sababu yake, na sababu hiyo hutafutwa kwa njia ile ile itumikayo katika maabara: kutazama, kuuliza, kupima, kisha kuamua.

1. Mbwa wa Unguja

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar paka ni wengi na mbwa ni wachache. Mbwa waliopo mjini aghalabu ni walinzi wa nyumba na maghala. Nje ya mji hali ni tofauti. Katika vijiji vya kusini na mashariki mwa kisiwa, ambako ardhi ni uwanda wa mawe ya matumbawe wenye vichaka, wasasi, yaani wawindaji, hutoka kwa vikundi pamoja na mbwa wao kuwafukuza nguruwe mwitu na wanyama wengine waharibuo mihogo na mazao mengine. Mbwa mzoefu ana thamani kubwa kwa msasi, kwa maana huijua njia, huijua harufu, na huwafundisha mbwa wachanga. Basi mbwa wa namna hiyo anapozeeka, swali la afya ya ngozi yake si jambo la anasa.

Kuna jambo jingine la kuzingatiwa. Waislamu walio wengi wa Unguja hufuata madhehebu ya Shafii, ambamo mate na majimaji ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara 7, mojawapo ikiwa kwa udongo. Hata hivyo mafundisho hayo huruhusu mbwa afugwe kwa kuwinda, kulinda mifugo na kulinda mazao. Tena inajulikana sana hadithi ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa sababu alimnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kwa hiyo mbwa wa kazi hutunzwa, lakini aghalabu hutunzwa kwa mbali, bila kushikwashikwa. Matokeo yake ni kwamba tatizo la ngozi huonekana likiwa limekwisha kuenea. Mwenye mbwa kama huyo anahitaji kujua namna ya kuchunguza kwa macho kwanza, na kwa mkono uliovaa glavu pale tu inapobidi.

2. Ngozi ilivyoumbwa

Ngozi ni kiungo kikubwa kuliko vyote vya mwili. Ina tabaka mbili kuu. Ngozi ya nje imejengwa kwa seli zinazozaliwa chini, zikapanda juu polepole, zikafa na kupukutika kama vumbi. Kwa mbwa safari hiyo huchukua kiasi cha wiki 3. Ngozi ya ndani ina mishipa ya damu, neva, tezi za mafuta na nyuzi ziipazo ngozi nguvu na mnyumbuko.

Ngozi ya mbwa hutofautiana na ya binadamu kwa mambo manne. Kwanza, ngozi yake ya nje ni nyembamba zaidi, kwa sababu ulinzi wake mkubwa ni manyoya. Pili, haina uchachu kama ya binadamu, na ndiyo maana sabuni zetu za kuogea au kufulia humkausha. Tatu, mbwa hatoki jasho mwili mzima. Tezi zake za jasho la kupoza mwili zimo katika nyayo tu, na joto jingi hulitoa kwa kuhema ulimi ukiwa nje. Nne, kutoka katika kinyweleo kimoja cha mbwa huchomoza nywele kadhaa: mmoja mnene na mrefu, na mingine laini kando yake.

Kila unywele una maisha ya vipindi vitatu. Kwanza hukua, kisha husimama kukua na kupumzika, mwisho hung'oka na kuupisha mwingine. Kinachoamsha kinyweleo kutoka katika usingizi wake ni pamoja na homoni, hasa ile itokayo katika tezi ya thairoidi iliyopo shingoni. Unywele wenyewe karibu wote ni protini iitwayo keratini. Kwa hiyo manyoya mazuri yanahitaji vitu vitatu: chakula chenye protini na mafuta, homoni za kutosha, na ngozi isiyoshambuliwa na wadudu wala vijidudu. Kikikosekana kimojawapo, manyoya ndiyo huwa ya kwanza kutoa habari.

3. Mabadiliko ya kawaida ya uzee

Watu wengi husema kwamba mwaka mmoja wa mbwa ni sawa na miaka 7 ya binadamu. Hesabu hiyo si sahihi, kwa maana mbwa wa mwaka mmoja aghalabu anaweza kuzaa, ilhali mtoto wa miaka 7 ni wa darasa la kwanza au la pili. Mbwa wa mwili mkubwa huhesabiwa kuwa mzee afikapo miaka 7 au 8, na mbwa mdogo huweza kufika miaka 10 au 11 kabla ya kuitwa hivyo.

Uzee wenyewe huleta mabadiliko yafuatayo. Mvi hutokea mdomoni na kuzunguka macho, kwa kuwa seli zitengenezazo rangi ya melanini hupungua. Manyoya hupoteza mng'aro, kwa kuwa tezi za mafuta hazifanyi kazi kama zamani. Ngozi hupungua mnyumbuko. Kucha huwa nene na hukatika ovyo. Sugu hutokea katika viwiko na magoti ya nyuma, hasa kwa mbwa alalaye juu ya saruji au mawe. Vijinundu vidogo mithili ya chunjua huweza kuota, kutokana na kukua kwa tezi za mafuta.

Mbwa mzee asiye na ugonjwa ana mvi, lakini hana kipara. Ana ngozi kavu kidogo, lakini hajikuni usiku kucha. Ana sugu, lakini hana vidonda. Msomaji akiona kipara, muwasho, kidonda, harufu mbaya au uvimbe unaokua, ajue kwamba amekwisha kuvuka mpaka wa uzee na kuingia katika ugonjwa.

4. Maswali manne ya uchunguzi

Kabla ya kutaja jina la ugonjwa wowote, mchunguzi hujiuliza maswali manne.

(a) Je, mbwa anajikuna? Muwasho huelekeza kwenye wadudu, ukungu au bakteria. Kipara kisichowasha huelekeza kwenye homoni.

(b) Je, upande wa kulia unafanana na wa kushoto? Homoni husafiri kwa damu na kufika pande zote sawa, kwa hiyo kipara chake aghalabu hulingana pande mbili. Choa huanzia pale kilipotua, kikawa na mabaka yasiyolingana.

(c) Je, wapo wengine walioathirika, mbwa, paka au watu? Wakiwapo, ugonjwa unaambukiza, na tiba ya mnyama mmoja peke yake haitafaa.

(d) Je, mwili mzima umebadilika? Kiu, mkojo mwingi, kunenepa, kukonda au uchovu huonyesha kwamba ngozi ni dirisha tu, na ugonjwa umo ndani.

Ili kuona maswali hayo yanavyofanya kazi, na watazamwe mbwa watatu wa mfano. Hawa si mbwa fulani wanaojulikana, bali kila mmoja anawakilisha hali zinazotokea mara kwa mara.

5. Mbwa wa kwanza: anayejikuna

Mbwa huyu ni wa msasi katika kijiji kimoja cha kusini mwa Unguja. Ana miaka 9. Kingo za masikio yake zimeota magaga, viwiko havina manyoya, na hujikuna hata wakati wa kula. Mbwa wengine wawili wa kundi wameanza kujikuna, na mtoto wa nyumbani ana vipele mikononi. Mwenyewe amekwisha kusema kwamba mbwa huyu amechoka na hafai tena.

Majibu ya maswali manne yanaonyesha njia. Muwasho upo, na ni mkali. Wengine wameathirika, wakiwamo wenziwe wachanga. Uzee hauambukizi! Hali hii inafanana sana na upele wa mbwa, unaoletwa na mdudu mdogo wa jamii ya utitiri aitwaye kwa jina la kisayansi Sarcoptes scabiei. Jike lake huchimba njia ndani ya ngozi ya nje na kutaga mayai humo, na kizazi kipya hukamilika katika muda wa kiasi cha wiki 3. Ipo dalili moja rahisi: ukingo wa sikio la mbwa mwenye upele huu ukisuguliwa taratibu, kwa kawaida mguu wake wa nyuma huanza kujikuna wenyewe hewani. Dalili hiyo haithibitishi ugonjwa, lakini huongeza shaka. Uthibitisho hutafutwa kwa kukwangua ngozi na kuangalia makwanguo chini ya hadubini.

Historia ya mdudu huyu ina somo kubwa. Kwa karne nyingi waganga wa Ulaya waliamini kwamba upele hutokana na majimaji ya mwili kukosa uwiano. Mwaka 1687 daktari Mwitalia Giovan Cosimo Bonomo alieleza kwamba alimwona mdudu mwenyewe kwa hadubini, na kwamba yeye ndiye aletaye upele. Maelezo yake hayakukubaliwa kwa muda mrefu. "Majimaji ya mwili" ya zama zile na "uzee" wa leo ni majibu ya namna moja, kwa kuwa yote mawili humtosheleza msemaji, na yote mawili humwacha mdudu salama mahali pake.

Mdudu wa upele wa mbwa huweza kumpanda binadamu na kumwasha, lakini hawezi kustawi kwake kwa muda mrefu. Mbwa akitibiwa, muwasho wa watu hupungua na kwisha. Hata hivyo mtoto mwenye vipele apelekwe kituo cha afya, kwa sababu binadamu ana aina yake ya upele inayopita kutoka mtu hadi mtu, na hiyo huhitaji tiba yake.

Dawa za upele wa mbwa zipo. Mojawapo ni aivamektini, iliyotokana na bakteria wa udongo wa Japani. Satoshi Ōmura na William Campbell walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi iliyoleta dawa hiyo. Watu wa Unguja na Pemba wanaijua kwa sababu nyingine, kwani tangu mwaka 2001 imegawiwa kwa wananchi pamoja na albendazoli katika kampeni ya kutokomeza matende. Lakini vidonge vya watu asipewe mbwa kwa kukisia. Kiasi hupimwa kwa uzito wa mnyama, na wapo mbwa, hasa wa ukoo wa koli, wenye kasoro ya kurithi iwafanyayo wadhurike kwa kiasi kinachowafaa wengine. Daktari wa mifugo ndiye aamuaye. Tena mbwa wote wa kundi hutibiwa siku moja, na matandiko yao huchomwa au kufuliwa.

Si kila muwasho ni upele. Viroboto nao ni sababu kubwa, hasa mjini, kwa maana kiroboto aonekanaye zaidi katika mbwa ni yule yule wa paka. Kupe hunyonya damu na kueneza maradhi ya damu. Katika vijiji vyenye mchanga tekenya huingia nyayoni mwa mbwa kama aingiavyo miguuni mwa watu. Mdudu huyu asili yake ni Amerika. Alifika Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazili, na kabla ya karne ya 19 kwisha alikuwa amekwisha kulivuka bara hadi pwani ya Afrika Mashariki. Wakati wa masika, unyevu ukizidi, ukungu hustawi masikioni na katikati ya vidole, ukaleta harufu mbaya na ngozi nyeusi yenye mafuta.

6. Mbwa wa pili: mwenye kipara kisichowasha

Mbwa huyu analinda ghala Mji Mkongwe. Ana miaka 8. Manyoya yamepungua ubavuni, kulia na kushoto kwa mlingano, na mkia umekuwa mtupu kama wa panya. Hajikuni. Amenenepa ingawa chakula chake hakikuongezwa. Hutafuta jua la asubuhi wakati wenziwe wanatafuta kivuli, na husinzia kutwa.

Hapa yawezekana kwamba tezi ya thairoidi imeshindwa kazi. Homoni ikipungua, moto wa mwili hupungua. Vinyweleo navyo hubaki katika usingizi: nywele za zamani hung'oka na mpya haziamki. Mtazamaji wa juu juu huona mbwa mzee, mvivu na mnene. Mchunguzi huona tezi iliyolala.

Binadamu pia hupata ugonjwa wa namna hii. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Uingereza alimtibu mwanamke wa miaka 46 ambaye ngozi yake ilikuwa imekauka na kuvimba, na akili yake imezubaa. Alimdunga maji yaliyotolewa katika tezi za kondoo. Mwanamke huyo alipata nafuu na kuishi miaka 28 zaidi. Mwaka 1914 Edward Kendall wa Marekani alifaulu kuitenga homoni yenyewe, thairoksini, na leo mbwa hupewa kama kidonge kila siku kwa maisha yake yote. Nguvu hurudi katika majuma machache, na manyoya hufuata baada ya miezi kadhaa.

Kipimo chake ni cha damu, lakini nacho hakitoshi peke yake, kwa sababu maradhi mengine mengi hushusha homoni hiyo kwa muda. Hivyo tarakimu ya maabara husomwa pamoja na dalili za mnyama.

Ipo hali nyingine ifananayo na hiyo. Mbwa ana kipara kilicholingana, lakini tumbo lake limening'inia, ngozi imekuwa nyembamba kama karatasi, na hunywa maji mengi na kukojoa sana. Hapa hushukiwa wingi wa homoni ya kotisoli, itokayo katika tezi adrenali zilizo karibu na figo. Mara nyingi chanzo ni kivimbe kidogo katika tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Mara nyingine chanzo ni binadamu, aliyempa mbwa dawa za jamii ya steroidi kwa muda mrefu ili kuzima muwasho.

Kiu hupimika. Mbwa anywaye zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake katika saa 24 amezidi kiasi. Kwa mbwa wa kilo 15 hiyo ni lita 1 na nusu. Maji hupimwa kwa siku kadhaa mfululizo, kwa kuwa joto la kaskazi huongeza kiu ya kila mnyama. Ikithibitika kwamba kiu imezidi, daktari huchunguza pia kisukari na ugonjwa wa figo, na kwa jike asiyehasiwa, usaha katika mji wa mimba.

7. Mbwa wa tatu: mwenye kidonda na uvimbe

Mbwa huyu ni mweupe, mwenye manyoya mafupi, na hulala ufukweni mashariki mwa kisiwa, tumbo wazi. Ana miaka 10. Tumboni ana mabaka mekundu yenye magamba, na moja limekuwa kidonda kisichopona. Ubavuni ana uvimbe laini.

Unguja iko kiasi cha nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na mchanga mweupe hurudisha miali kutoka chini. Miali ya urujuanimno hudhuru seli za ngozi, na kinga yake ya asili ni melanini. Mbwa mweupe hana kinga hiyo mahali pasipo manyoya. Sababu ni ile ile iwafanyayo watu wenye ualbino wahitaji kofia, nguo ndefu na kivuli. Madhara hujilimbikiza mwaka hata mwaka, na uzee ndipo yanapodhihiri kama saratani ya ngozi. Hapa umri umehusika kwa kuwa ulitoa muda, lakini aliyejeruhi ni jua. Kidonda kisichopona kwa majuma matatu kionwe na daktari.

Ama uvimbe, mara nyingi kwa mbwa mzee huwa ni fundo la mafuta lisilo na madhara. Lakini jicho na kidole haviwezi kutofautisha kwa hakika fundo la mafuta na saratani. Daktari hunyonya seli chache kwa sindano na kuziangalia kwa hadubini. Mwenye mbwa hupima upana wa uvimbe kila mwezi, akaandika tarehe na milimita. Unaokua haraka, unaobadilika rangi au unaotoka damu hausubiri mwezi wa pili.

8. Tiba zidhuruzo

Hamu ya kumsaidia mnyama huweza kumdhuru. Mafuta machafu ya injini hayaponyi upele. Mbwa huyalamba, na sumu zake huingia mwilini. Mafuta ya taa huchoma ngozi. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, ikitumiwa bila kipimo, huweza kumuua mbwa na kumdhuru amwogeshaye. Dawa yenye pamethrini, ambayo mbwa huivumilia, ni sumu kali kwa paka. Katika nyumba za Mji Mkongwe ambamo paka hulala popote, jambo hili ni la kuangaliwa sana. Vidonge vya maumivu vya watu, kama aibuprofeni, huharibu tumbo na figo za mbwa.

9. Matunzo ya kila siku

Matunzo ya ngozi ya mbwa mzee hayahitaji fedha nyingi. Alale juu ya gunia lililojazwa makumbi ya nazi badala ya saruji tupu, ili viwiko visichubuke. Sima peke yake haijengi manyoya. Mabaki ya samaki yaliyopikwa na kuondolewa miba, au dagaa waliorowekwa kupunguza chumvi, huongeza protini na mafuta. Achanwe mara mbili kwa juma kwa brashi yenye mpini, kwa sababu mbwa mwenye maumivu ya viungo hawezi kujigeuza kujisafisha, na manyoya ya kiunoni hushikamana. Hapo ugonjwa wa ngozi kumbe umeanzia katika maungo ya miguu. Kucha zikatwe zisije zikajipinda na kuchoma nyayo. Meno yatazamwe, kwa maana mwenye meno mabovu hali vizuri.

Amkaribiaye mbwa mzee amwite kwanza, kwa kuwa huenda hasikii wala haoni sawasawa, na akishtuka huuma. Mwanafunzi asimguse mbwa asiyemjua. Yeyote aliyeumwa au kuparuzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, kwa ajili ya hatari ya kichaa cha mbwa. Kila mbwa, kijana au mzee, achanjwe dhidi ya ugonjwa huo.

10. Jaribio la darasani

Vifaa: karatasi nyeupe, maji, kitana chenye meno ya karibu, na hadubini kama ipo.

Mwalimu, au mwenye mnyama, amchane mbwa au paka kiunoni, na uchafu uangukie juu ya karatasi. Vinyunyizwe vitone vya maji. Punje nyeusi zikibaki nyeusi, ni udongo. Zikitoa duara jekundu la kahawia, ni kinyesi cha viroboto, na wekundu huo ni damu ya mnyama iliyosagwa. Hivyo huweza kujulikana kwamba viroboto wapo hata kama hakuna aliyeonekana. Ikumbukwe kwamba mayai na mabuu yao hayakai mwilini, bali yamo sakafuni na katika matandiko. Kumtibu mnyama bila kufagia na kufua ni kufanya nusu ya kazi. Baada ya jaribio wanafunzi wote wanawe mikono kwa sabuni.

Maswali

1. Taja mabadiliko manne ya ngozi na manyoya yaletwayo na uzee wenyewe, na manne yasiyoletwa nao.

2. Eleza kwa nini kipara cha homoni aghalabu hulingana kulia na kushoto.

3. Mbwa wa kilo 12 amekunywa mililita 900 siku ya kwanza, 1,350 siku ya pili, na 1,400 siku ya tatu. Je, wastani wake umezidi kiasi? Ni jambo gani jingine ungelipima kabla ya kuamua?

4. Mbwa mzee na mbwa mchanga wa nyumba moja wanajikuna. Mwenye nyumba anasema mzee anaugua uzee na mchanga ana viroboto. Kasoro ya hoja hiyo ni nini?

5. Linganisha madhara ya jua kwa mbwa mweupe na kwa mtu mwenye ualbino. Je, kinga zao zinafanana wapi, na zinatofautiana wapi?

6. Watembelee wafugaji watatu wa kijijini kwako, wawe wa mbuzi, ng'ombe au mbwa. Uliza: mnyama mzee akipukutika manyoya, wao hufanya nini kwanza? Andika majibu yao, kisha onyesha ni lipi kati ya maswali manne ya uchunguzi wao hulitumia tayari bila kuliita kwa jina.